Baada ya Kura: Kazi Iliyobaki Mikononi mwa Mkutano Mkuu wa Kijiji

Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi wa kata katika mkutano wa hadhara



Nimeombwa nizungumze juu ya matokeo ya Uchaguzi wa Serikali za Mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024, na maana yake kwa huduma tunazozitegemea kila siku, yaani maji, zahanati, shule na ardhi. Nitaanza na hesabu, kisha nitaeleza kazi ambayo hesabu hizo zimetuachia.

Kwa mujibu wa matokeo yaliyotangazwa na aliyekuwa Waziri wa TAMISEMI, Mheshimiwa Mohamed Mchengerwa, wananchi zaidi ya milioni 31 walijiandikisha nchi nzima, na zaidi ya asilimia 86 yao walipiga kura. Chama Cha Mapinduzi kilipata asilimia 99.01 ya nafasi za wenyeviti wa vijiji, asilimia 98.83 za mitaa na asilimia 98.26 za vitongoji. Sehemu ndogo iliyosalia iligawanywa miongoni mwa vyama vingine, vikiwemo CHADEMA na ACT Wazalendo. Vyama hivyo vililalamika kwamba wagombea wao wengi walienguliwa kabla ya siku ya kura, na malalamiko hayo ni sehemu ya kumbukumbu za uchaguzi huo kama zilivyo asilimia nilizozitaja. Katika uchaguzi wa mwaka 2019 vyama kadhaa vya upinzani vilijitoa, na wagombea wengi walipita bila kupingwa. Safari hii, palipokuwa na mgombea mmoja tu, wananchi walimpigia kura ya ndiyo au hapana.

Sikuja hapa kumpongeza aliyeshinda wala kumfariji aliyeshindwa. Nimekuja na swali moja. Katika baraza lenye vyama viwili au vitatu, upande mmoja huuliza na upande wa pili hujibu, hata kama wanaulizana kwa hasira. Je, wajumbe karibu wote wakiwa wa chama kimoja, nani atauliza fedha zimekwenda wapi?

Hali hii haikutukuta sisi peke yetu. Katika jiji la London, Uingereza, kuna halmashauri ya Barking and Dagenham. Mwaka 2010 chama cha Labour kilitwaa viti vyote 51 vya madiwani, na kikafanya hivyo tena mwaka 2014, 2018 na 2022. Katika chaguzi hizo hakuna mgombea wa chama kingine aliyepata kiti. Hata hivyo sheria ya Uingereza inazitaka halmashauri zifungue vitabu vya hesabu kila mwaka kwa siku 30 za kazi, ili wananchi wavikague, na mpiga kura anaweza kuweka pingamizi mbele ya mkaguzi. Viti vyote vinaweza kuwa vya chama kimoja, lakini daftari likabaki la watu wote.

Nasi tunayo njia yetu, na ni ya karibu zaidi, kwa sababu haihitaji ofisi wala mkaguzi wa kutoka mbali. Njia hiyo ni mkutano mkuu wa kijiji. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano huo. Hachaguliwi, haombi, wala haulizwi kadi ya chama. Mkutano mkuu ndicho chombo chenye mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji, na unapaswa kukutana walau mara moja kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, inawajibika kwake.

Tafakarini uzito wa jambo hili. Matokeo ya Novemba yaliamua nani aketi kwenye kiti cha mbele. Hayakuamua nani aketi kwenye mkeka, chini ya mti, na kuuliza. Nafasi hiyo haikupigiwa kura na haiwezi kutwaliwa na chama chochote. Hupotea kwa njia moja tu: sisi wenyewe tusipohudhuria.

Chukueni mfano wa ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji hairuhusiwi kugawa ardhi bila kupata kwanza idhini ya mkutano mkuu. Akija mtu anayetaka eneo la kulima alizeti, au la kuchunga mifugo mingi, mwenyekiti hawezi kumkatia peke yake, na wajumbe wake hawawezi pia. Lakini mkutano ukiitishwa siku ya mnada, wakahudhuria watu wachache, na mihutasari ikaandikwa haraka, eneo walilolima wazee wetu linaweza kwenda kwa mikono iliyoinuliwa na watu wachache tu. Waliokuwa mnadani watakuja kulalamika wakati mipaka imeshapandwa mawe.

Mfano wa pili ni michango. Kijiji kikiamua kujenga chumba cha darasa au zahanati, kila kaya huchangia fedha au nguvu kazi, na serikali huongezea. Mapato na matumizi hayo yanapaswa kusomwa mbele ya mkutano mkuu kila robo mwaka na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mwananchi anayesimama na kuuliza, "Mifuko ya saruji ilikuwa mingapi, na imebaki mingapi?" hamtukani mwenyekiti. Anamlinda, kwa kuwa hesabu iliyosomwa hadharani huua uvumi.

Waheshimiwa wenyeviti, naomba nanyi mnisikilize. Asilimia kubwa ya ushindi ina mzigo wake. Aliyechaguliwa kwa ushindani mkali huambiwa makosa yake na washindani wake. Aliyechaguliwa karibu bila mshindani huweza kukaa miaka mitano bila kuambiwa, mpaka siku anapogundua kwamba watu walikwisha kumwacha. Itisheni mikutano kwa wakati. Tangazeni ajenda mapema, si jioni ya kuamkia mkutano. Chagueni siku isiyogongana na mnada au msiba, na saa ambayo akina mama wanaweza kufika. Na yule asiyekupigia kura ni mkazi wako. Maji ya kisima hayaulizi alipiga kura wapi.

Nanyi ndugu wananchi, nawaachia maswali matatu ya kwenda nayo kwenye mkutano ujao. La kwanza: mkutano wa mwisho ulikuwa lini, na mihutasari yake iko wapi? La pili: fedha gani ziliingia na kutoka katika miezi mitatu iliyopita? La tatu: kuna ombi lolote la ardhi mbele ya halmashauri ya kijiji? Yaulizeni kwa adabu na sauti ya kusikika, na msiondoke kabla ya kujibiwa.

Katiba yetu inasema kuwa Serikali za Mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Tukiyakuta madaraka hayo yamekaa mahali pengine, tujiulize kwanza ni mikutano mingapi hatukuhudhuria.