Tembea Uulize



Huko Urusi meli za watalii husafiri kati ya St Petersburg na Moscow kwa mito, maziwa na mifereji. Abiria huonyeshwa kanisa la mbao la Kizhi, la mwaka 1714, lenye kuba 22. Huko Kalyazin mnara wa kengele umesimama peke yake majini, kwa kuwa sehemu ya mji ilizamishwa na bwawa. Mwisho huja Mfereji wa Moscow, kilomita 128, uliofunguliwa mwaka 1937. Wachimbaji wake wengi walikuwa wafungwa, na maelfu walifia kazini.

Wahenga walisema tembea uone. Mimi naongeza: uulize pia nani alichimba.