Soma Mita, Soma Sheria



Wahitimu wa umeme, kusoma mita mmeshajua. Sasa someni sheria, kwa kuwa hapa Machakos jua halina uhaba, lakini bei ya sola huamuliwa Nairobi. Vifaa vya sola vilikuwa na msamaha wa VAT. Mwaka 2020 Sheria ya Fedha ikauondoa, mwaka uliofuata ukarudishwa. Fundi aliyempa mteja wa Matuu bei ya zamani wakati huo alilipa tofauti kutoka mfukoni mwake.

Sheria ya Nishati ya 2019 ilimruhusu mwenye paneli kuingiza stima ya ziada kwenye gridi, ihesabiwe kwenye bili yake. Kanuni zake zilitoka 2024. Miaka mitano ya kungoja! Na ukiingiza yuniti moja, unahesabiwa nusu. Najua hoja ya upande wa pili: nguzo, nyaya na transfoma havijengwi bure. Hata hivyo, nusu naiona ndogo, hasa kwa kiwanda cha Athi River ambacho mashine zake zimezimwa Jumapili huku jua likiwaka juu ya bati. Kwa hivyo msijaze paa paneli ili kumfurahisha mwenye duka la vifaa. Pimeni kwanza stima anayotumia mteja mchana, na kama ana kisima, pampu ifanye kazi saa sita mchana, si saa mbili usiku.

Hata hivyo, si yote yanayoamuliwa Nairobi. Bwawa la Masinga limezalisha umeme tangu 1981, megawati 40, chini ya serikali kuu. Lakini Katiba ya 2010 imezipa kaunti nazo sehemu ya kazi ya kusambaza stima, na ile sheria ya 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa nishati. Vikao vya maoni ya umma kuhusu mpango huo huwa vimejaa wazee na wanasiasa, mafundi hawaonekani. Nendeni mkaulize ni zahanati na shule zipi za Yatta na Mwala zitawekewa sola, na nani atazitengeneza betri zikichoka.

Mwisho, leseni ya EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati. Mifumo iliyounganishwa na gridi inahitaji daraja la T3. Msipande paa la mtu kabla ya kuipata.