Tuwalinde Wazee Wetu na Maafisa wa Uongo

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya viongozi wa jumuiya na vikundi vya wazee

 

Nimeombwa nizungumzie utapeli unaofanywa kwa jina la serikali. Mwizi mwenye panga, mzee humpigia kelele. Lakini mtu mwenye faili kwapani, anayejitambulisha kuwa afisa wa TASAF, wa vitambulisho vya taifa au wa mfuko wa pensheni, mzee humpa kiti. Wazee wetu walilelewa kuheshimu ofisi, na tapeli anaitumia heshima hiyo kuwaibia.

Mbinu zake hazibadiliki sana. Kwanza hutaja neema: jina lako limepita, mapunjo ya mafao yako yametoka. Pili huleta haraka: mwisho ni leo saa kumi. Tatu hudai siri: usimwambie mtu, watakuonea wivu. Nne huomba "ada ya fomu" au namba ya siri ya simu. Mkiyaona haya, simameni hapo hapo.

Ndugu washiriki, naomba tukumbuke mambo haya. Kaya za TASAF hutambuliwa kwa kushirikisha mkutano wa kijiji au mtaa, si kwa kupigiwa simu. Raia anayeandikishwa mara ya kwanza hupewa kitambulisho cha taifa bila malipo. Anayetaka kukutumia pesa anahitaji namba yako ya simu tu, wala si namba ya siri. Aidha, tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, yuko mgeni anayeomba kidole chako "kuhakiki taarifa," kumbe anasajili laini kwa jina lako ili atapelie wengine. Piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Lakini tuseme ukweli. Kumwambia bibi asimpe mtu yeyote namba ya siri ni rahisi kwetu tunaosoma. Bibi asiyeona vizuri hana budi kumpa mjukuu au wakala simu yake. Tukimpa onyo tu na kuondoka, tumemwacha peke yake. Kwa hiyo napendekeza kila jumuiya ifanye mambo matatu.

Kwanza, mzee achague mwenyewe watu wawili anaowaamini wa kumsomea ujumbe. Nasema wawili, kwa sababu wapo wanaoibiwa na watu wa nyumbani mwao.

Pili, mgeni yeyote wa "ofisi" asipewe pesa, kidole wala kitambulisho kabla mtendaji wa kijiji au mtaa hajamthibitisha. Afisa wa kweli hatachukia kusubiri.

Tatu, aliyetapeliwa asichekwe. Mzee mmoja akichekwa, wengine watanyamaza, na tapeli atarudi. Asaidiwe siku hiyo hiyo kuwaarifu kampuni ya simu ili muamala uzuiwe ikiwezekana, kutoa taarifa ya namba hiyo TCRA kupitia 15040, na kufika polisi. Kujifanya mtu mwingine kwa njia ya mtandao ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Wengi wetu tulikariri Amri ya Saba katika mafundisho ya kipaimara. Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hakuishia kukataza wizi. Alitaka pia tumsaidie jirani kutunza mali yake. Shilingi za mzee ndizo dawa zake, sabuni yake na daftari la mjukuu anayemlea. Naomba jambo hili lisemwe katika ibada za jumuiya wiki hii, na majina ya wasaidizi wawili wa kila mzee yapatikane kabla ya mwisho wa mwezi.