Askofu Muge na Njia ya Busia



Tunamkumbuka leo Askofu Alexander Kipsang Muge wa Dayosisi ya Eldoret, aliyetutoka tarehe 14 Agosti 1990.

Kabla ya kuvaa joho, alikuwa askari wa GSU. Aliijua nguvu ya dola kutoka ndani, wala hakuisujudia. Alipinga kura ya mlolongo, akakemea unyakuzi wa ardhi, akawasemea wenye njaa wa Pokot Magharibi wakati wakubwa walipotaka kimya.

Mwezi huo wa Agosti, Waziri wa Leba, Peter Okondo, alimwonya hadharani kwamba akikanyaga Busia ataona moto, na huenda asitoke hai. Askofu alikwenda. Alihubiri, akaagana na waumini, na akiwa njiani kurudi Eldoret gari lake likagongana na lori. Waziri alijiuzulu, lakini maswali ya wananchi hayakujiuzulu.

Sisi mawakili twajua kwamba kifungu cha 81 cha Katiba ya wakati ule kilimpa kila raia uhuru wa kwenda popote nchini. Lakini haki isiyotumiwa ni wino tu. Muge aliitumia.

Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, yeye hakuwapo kushangilia. Basi deni ni letu. Hatudai kisasi, twadai ukweli. Na tukikatazwa kuwafikia ndugu zetu, twende.

Mungu ailaze roho yake mahali pema. Amina.