NENO LA KATIBU WA TAWI: WAACHENI WASANII WAIMBE



Wapo wanaotaka kikundi chetu cha ngoma kisipande jukwaani Jumamosi, eti kimetunga wimbo unaoulizia michango ya ujenzi wa ofisi. Nasema kipande.

Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa waraka wake "Kenya: Twendapi?" Huko gerezani akaandika mashairi, tena kwenye karatasi za chooni. Yakatoka kitabu, Sauti ya Dhiki, 1973. Mwaka uliofuata kikapewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule wa enzi za kifungo chake!

Wimbo wa vijana wetu unauliza mapato na matumizi. Daftari ninalo, njooni mkague. Posho ya wasanii italipwa kabla hawajaimba.

Katibu wa Tawi