Msimu wa Baridi Jikoni kwa Susu



Katika nchi za Ulaya, majira ya baridi yaingiapo, theluji hufunika njia na mapaa ya nyumba. Watoto hutoka nje wakaifinyanga mikononi na kutupiana, na vidole vikishakufa ganzi hukimbilia jikoni kwa bibi yao, ambako mikate inaokwa. Kitui na Makueni hakuna theluji ya kuchezea. Iliyo karibu na Kitui ni ile ya Mlima Kenya, mlima ambao mmisionari Johann Ludwig Krapf aliuona kwa mbali kutoka Kitui tarehe 3 Desemba, 1849, alipokuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba. Habari hiyo ilipofika Ulaya, wako wataalamu waliokataa kusadiki kwamba theluji yaweza kukaa karibu na Ikweta. Wao walikuwa mbali, na Kivoi alikuwa akiutazama mlima huo siku zote.

Hata hivyo baridi ipo Ukambani. Tangu Juni hadi Agosti vilima vya Mbooni na Kilungu huamka vimefunikwa na ukungu, na hata katika nchi ya chini mawingu huzuia jua mpaka mchana. Shule zifungwapo mwezi wa Agosti, watoto wengi hupelekwa kwa susu, maana ndivyo Wakamba wamwitavyo bibi. Mchana hucheza katika mchanga wa mito iliyokauka. Huufinyanga mchanga wenye unyevu, hujenga nyumba, huchimba visima vidogo hata maji yatokee chini. Jioni baridi huwarudisha mbio jikoni, penye mafiga matatu na moto wa kuni.

Hapo susu huoka viazi vitamu katika majivu ya moto. Mbaazi mbichi, ambazo wakati huo zimekomaa mashambani, huambuliwa maganda na watoto wenyewe, nyingine zikiingia kinywani kabla ya kufika chunguni. Lakini chakula chenyewe ni muthokoi. Mahindi makavu hutiwa kinuni, hunyunyiziwa maji kidogo, kisha hutwangwa kwa mchi mpaka ganda la nje litoke na punje ibaki nzima. Atwangaye kwa hasira hupata chenga, na mtoto hujifunza upesi kwamba mchi huongozwa wala haupigwi. Kisha hupepetwa kwa ungo, na kupikwa pamoja na mbaazi au maharagwe kwa saa nyingi. Siku hizi mashine za kukoboa zipo masokoni, nazo zimewapunguzia wanawake kazi nzito. Hakuna sababu ya kuzilaumu.

Kabla mahindi hayajaingia kinuni, iko kazi nyingine isiyo na kelele. Susu huyamwaga katika ungo, akayachagua punje kwa punje.

“Susu, mbona waitupa hii? Ni punje moja tu.”

“Mjukuu wangu, tazama rangi yake. Imeota kuvu. Wewe usiile, na kuku asiile.”

Mtoto hudhani huo ni ubishi wa wazee. Wenyeji wa Kitui na Makueni waliokuwa watu wazima mwaka 2004 hawadhani hivyo. Mahindi yaliyovunwa mapema mwaka huo yalipatwa na mvua isiyo ya wakati wake. Watu walikuwa wametoka katika njaa, nao waliogopa wezi. Basi wengi waliyaingiza mahindi ndani ya nyumba wanamolala, yakiwa bado na unyevu, badala ya kuyaweka ghalani. Kuanzia Aprili wagonjwa walianza kufika hospitalini wakiwa na macho ya manjano, na wengine matumbo yamevimba. Mpaka kufikia Julai walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na katika hao 125 walikufa. Wengi wao walitoka katika wilaya hizo mbili. Wala haikuwa mara ya kwanza, kwa kuwa mwaka 1981, Makueni ilipokuwa ingali sehemu ya Wilaya ya Machakos, watu 20 waliugua kwa sababu hiyo hiyo na 12 wakafa.

Sababu yenyewe ni sumukuvu, yaani sumu itolewayo na kuvu katika nafaka yenye unyevu, ambayo wataalamu huiita aflatoksini. Huharibu ini. Ubaya wake mkubwa ni kwamba moto wa jikoni hauiondoi. Chungu chaweza kuchemka tangu adhuhuri hadi usiku, na sumu ikabaki pale pale. Tena punje nyingine huwa na sumu bila kuonyesha rangi yo yote, hata kuchagua peke yake hakutoshi.

Hapa ndipo kinu cha susu kinapostahili heshima. Sumu hiyo hukaa zaidi katika ganda na kiini cha punje, navyo ndivyo viondolewavyo kwa kukoboa. Uchunguzi wa wataalamu uliotangazwa mwaka 2008 juu ya muthokoi ulionyesha kwamba kukoboa hupunguza sumu kwa wastani karibu nusu, ingawa kiasi hutofautiana sana kati ya mahindi na mahindi. Nusu si yote. Mahindi yaliyooza hayageuki kuwa chakula kwa kutwangwa. Na pumba za mahindi mabaya zisipewe ng'ombe wa maziwa, kwa maana sumu hupita katika maziwa na kumrudia yule yule mtoto.

Kinga ya kweli ni kukausha, na katika miezi ya baridi kukausha ni kugumu. Mavuno ya mvua za Machi hufika wakati jua limekuwa hafifu. Yafaa mahindi yaanikwe juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu, yaingizwe ndani kabla ya umande wa jioni, na magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta.

Kujua kama yamekauka, iko njia rahisi ambayo watoto huipenda kama mchezo. Chupa kavu ya kioo yenye kifuniko hutiwa mahindi kiasi cha theluthi, kisha vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Hutikiswa vizuri, ikaachwa itulie muda wa robo saa. Chumvi ikishuka yote chini, mahindi ni makavu. Ikinata kwenye kioo, bado yana unyevu.

Basi chupa huzunguka mkono kwa mkono kando ya moto huku chungu kikitokota. Ndipo vitendawili huanza. “Kwata ndai!” asema susu. “Nakwata!” wajibu wote, na atakayeshindwa kutegua hungoja kiazi chake mwisho. Viazi vikishatolewa majivuni na kupanguswa, mkubwa wa watoto huiinua chupa mbele ya moto. Chumvi imenata kioo kizima, nyeupe. Kesho mahindi yatarudi juani, na wajukuu watakaa uani kufukuza kuku badala ya kwenda mtoni.