Kila Maandishi na Usomaji Wake

(Maneno aliyowaambia wanafunzi mmoja wa wanafunzi wa zamani, siku ya mkutano wetu, Kibaha)



Nilitoka kijijini Kisarawe kuja Kidato cha Kwanza hapa Kibaha baada ya kusoma miaka 7 kwa Kiswahili. Ghafla masomo karibu yote yakawa kwa Kiingereza. Kila kitabu nilikisoma kwa namna moja: neno baada ya neno, kamusi mkononi. Ukurasa mmoja wa jiografia ulinimalizia jioni nzima, na nilipofika mwisho nilikuwa nimesahau mwanzo.

Shida hiyo haikuwa yangu peke yangu. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd waliandika katika ripoti yao kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari nchini hakikutosha kusomea masomo mengine. Kuanzia 1987, mradi uliosaidiwa na Uingereza ulipeleka shuleni vitabu vyepesi vya hadithi, ili mwanafunzi asome vingi na lugha imwingie.

Mwalimu wangu mmoja alinifungua macho. Alisema: kabla ya kusoma, jiulize unataka nini. Ukitaka kujua kitabu kinahusu nini, pitia vichwa vya habari na aya za mwanzo na mwisho. Ukitafuta tarehe au jina, tafuta hilo tu, mengine yaruke. Hadithi isome bila kamusi. Neno gumu liache, huko mbele litajieleza. Lakini swali la mtihani, mkataba na sheria, soma neno kwa neno.

Hilo la mwisho nililisahau nilipokwisha kuwa mtumishi wa serikali. Mzee mmoja wa Kisarawe aliniletea barua ya shamba lake. Niliipitia juu juu, nikamwambia uamuzi ule hauna rufaa. Kumbe aya ya tatu ilimpa siku 30. Aliporudi, kwa nauli ya kukopa, siku zilikuwa zimekwisha. Ilinibidi niandike maelezo ya kukiri kosa langu, na rufaa yake ikapokelewa baada ya miezi mingi ya kuhangaika.

Vijana wangu, maktaba mnayo. Jizoezeni namna zote nne tangu sasa, maana kesho mtakuwa mnasoma barua za watu.